Panga za Wamoro: Kuzitambua Kwanza, Kuzisafisha Baadaye

Mtu apatapo upanga mkongwe ulioliwa na kutu, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kutafuta msasa. Husugua hata chuma kikameremeta, akaupaka mpini rangi ya kung'aa, kisha akautundika ukutani apate kusifiwa na wageni. Kwa saa moja ya juhudi ya namna hiyo hufutika habari zilizodumu katika chuma kile kwa miaka mia moja au mia mbili. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa mfano wa panga za Wamoro wa kusini ya Visiwa vya Ufilipino, kwa nini kuutambua upanga hutangulia kuutengeneza, na kwa nini kazi hiyo ya kutambua ni kazi ya historia na ya lugha kabla haijawa kazi ya tupa na mafuta.

Wamoro ni watu gani?

Neno "Moro" si jina walilojipa wenyewe. Wahispania walikuwa wamepigana kwa karne nyingi na Waislamu waliovuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini na kutawala sehemu ya nchi yao, nao waliwaita watu hao Wamoro. Walipoanza kuweka makao yao Ufilipino mwaka 1565, chini ya Miguel López de Legazpi, waliwakuta Waislamu wengine huko, wakawabandika jina lile lile. Hivyo watu wa lugha na desturi mbalimbali walikusanywa chini ya neno moja la kigeni: Watausug wa Visiwa vya Sulu, Wamaranao wa kandokando ya ziwa Lanao, Wamaguindanao wa mabonde ya kisiwa cha Mindanao, Wayakan wa kisiwa cha Basilan, pamoja na Wairanun na Wasama walio mabaharia hodari. Baada ya muda wenyewe walilitwaa jina hilo wakaligeuza kuwa la fahari. Eneo lao lenye utawala wa ndani, lililoanzishwa mwaka 2019, linaitwa Bangsamoro, maana yake taifa la Wamoro.

Uislamu ulifika huko mapema. Katika kisiwa cha Jolo, mahali paitwapo Bud Dato, lipo kaburi lenye jiwe lililoandikwa mwaka 710 wa Hijra, yaani 1310. Usultani wa Sulu ulisimama katika karne ya 15, na mapokeo ya watu wa Sulu humtaja sultani wao wa kwanza kuwa Sharif ul-Hashim, Mwarabu wa ukoo wa Mtume. Msomaji wa pwani yetu hatalistaajabia jambo hilo. Masharifu wa Hadhramaut, ambao wazao wao wanajulikana sana Lamu na Unguja, walisafiri pia upande wa mashariki wakafanya makao katika nchi za Wamalai. Hata vitabu vya nasaba vya Wamoro huitwa tarsila, neno litokalo katika silsila ya Kiarabu.

Panga tatu mashuhuri

Wamoro walikuwa na silaha nyingi zenye makali, lakini tatu ndizo zitafutwazo zaidi na wakusanyaji.

Ya kwanza ni krisi. Watausug huiita kalis, na Wamaguindanao na Wamaranao huiita sundang. Aliyepata kuona krisi ya Java asidhani kuwa ni kitu kimoja. Ile ya Java ni silaha nyepesi ya kuchomea, lakini krisi ya Wamoro ni upanga kamili, mzito na mpana, wa kukata pamoja na kuchoma. Una makali pande zote mbili. Bapa lake huweza kuwa na mawimbi kama nyoka aendaye, au likawa limenyooka, au likaanza na mawimbi karibu na mpini na kunyooka kuelekea ncha. Karibu na mpini bapa hupanuka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na katika sehemu hiyo mhunzi huchonga kwa tupa umbo lifananalo na kinywa na mkonga wa tembo. Sehemu hiyo pana huitwa ganga, nasi tutairudia. Bapa hushikizwa kwenye mpini kwa vibanio vya fedha au shaba viitwavyo asang-asang, kimoja au viwili.

Ya pili ni barongi, upanga wa Watausug, Wasama na Wayakan. Bapa lake lina umbo la jani, makali upande mmoja tu, na mgongo wake ni mnene mno. Urefu wa bapa hauzidi sana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ni upanga wa mapambano ya karibu, na pigo lake ni zito kuliko umbo lake lionekanavyo. Kichwa cha mpini aghalabu huchongwa mfano wa kakatua, ndege wa jamii ya kasuku mwenye kishungi. Ala yake ni mbao mbili bapa zilizofungwa pamoja kwa henzirani, na ncha yake hupinda.

Ya tatu ni kampilani, silaha ndefu ya Wamaguindanao, Wamaranao na Wairanun. Urefu wake wote hukaribia mita moja. Bapa ni jembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea ncha, ambako mara nyingine huwa na kijimwiba kidogo. Mpini wake hugawanyika mwishoni kama kinywa cha mamba kilichoachama. Wengi husema kwamba kampilani ndiyo iliyomwangusha Ferdinand Magellan katika kisiwa cha Mactan tarehe 27 Aprili 1521. Pigafetta, aliyekuwapo, aliandika kuwa nahodha alijeruhiwa mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa, naye aliufananisha na kitara, ila mkubwa zaidi. Maneno hayo hayatoshi kuthibitisha kuwa ulikuwa kampilani. Tena watu wa Mactan hawakuwa Waislamu wa Sulu wala wa Mindanao. Hapa mkusanyaji hupata funzo lake la kwanza: hadithi tamu huuza upanga, lakini haiutambulishi.

Jinsi panga zilivyotawanyika

Yafaa kujua panga hizi zilivyofika katika nyumba na makumbusho ya ng'ambo, kwa kuwa njia iliyopitwa na upanga ni sehemu ya habari zake. Wahispania walipigana na Wamoro kwa zaidi ya karne tatu bila kuwatiisha kabisa. Mwaka 1637 gavana Corcuera aliishambulia ngome ya Sultan Kudarat huko Mindanao; mwaka 1848 meli za mvuke zilitumiwa dhidi ya kisiwa cha Balangingi; na mwaka 1876 mji wa Jolo ulitwaliwa. Kisha, kwa Mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898, Hispania iliikabidhi Marekani Visiwa vya Ufilipino kwa malipo ya dola milioni 20. Wamoro hawakuulizwa.

Wamarekani walianza kwa mapatano na Sultani wa Sulu, Jamalul Kiram II, mwezi Agosti 1899, kisha wakayavunja mapatano hayo mwaka 1904. Vita vilivyofuata vilikuwa vikali. Mwezi Machi 1906, katika kasoko ya mlima Bud Dajo kisiwani Jolo, askari wa Jenerali Leonard Wood waliwaua watu wanaohesabiwa kati ya 600 na 1,000, wanawake na watoto miongoni mwao. Picha iliyopigwa baada ya mauaji yaonyesha askari wamesimama juu ya handaki lililojaa maiti. Mwandishi Mark Twain aliyalaani mauaji hayo kwa maneno makali. Mwaka 1911 Jenerali John Pershing aliamuru Wamoro wanyang'anywe silaha, na mwezi Juni 1913 waliokataa waliangamizwa katika Bud Bagsak.

Ni katika miaka hiyo ndipo panga nyingi zilipovuka bahari. Nyingine zilisalimishwa kwa amri, nyingine zilinunuliwa masokoni, nyingine zilipewa maofisa kuwa zawadi, na nyingine ziliokotwa kando ya wafu. Askari walizifunga katika masanduku yao wakazipeleka kwao kuwa ukumbusho. Baada ya miaka sitini au sabini wajukuu wao walizikuta darini, hawajui ni nini.

Katika vita hivyo lilienea pia neno ambalo kwetu si geni. Mtu aliyekula kiapo cha kupigana mpaka afe, Wahispania walimwita juramentado, yaani mla kiapo. Watausug wenyewe walikiita kitendo hicho parang sabil. Hilo sabil ndilo lile lile tulisikialo katika fisabilillahi. Neno la Kihispania lilimwonyesha mtu kama mwenye wazimu. Neno la wenyewe lilimweka katika njia aliyoamini kuwa ni ya Mungu. Vibandiko vya makumbusho vimefuata sana neno la kwanza.

Kuusoma upanga

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mkusanyaji mwenye busara, apatapo upanga, huuweka juu ya meza penye mwanga mzuri, akauangalia kwa siku kadhaa kabla ya kuugusa kwa chombo chochote.

Kwanza huuliza: ni wa nani? Umbo la bapa, la mpini na la ala yamkini vitamwelekeza kwa watu fulani. Nakshi nazo husaidia. Michoro ya majani na misokoto, ambayo Wamaranao huiita okir na Watausug ukkil, ina mitindo yake kila mahali, kama vile nakshi za milango ya Lamu zisivyofanana kabisa na za Unguja.

Pili huuliza: ni wa lini? Kwa krisi, ishara kubwa iko katika ganga. Katika krisi za kale ganga ni kipande cha pekee cha chuma kilichounganishwa na bapa, na mstari wa maungio huonekana. Wakusanyaji wengi wanakubaliana kuwa mstari ulionyooka ni dalili ya kazi ya kale zaidi, kuliko ule ukatao kona karibu na mwisho wake. Katika krisi nyingi za karne ya 20 hakuna maungio kabisa: mhunzi amechora mstari tu juu ya chuma kimoja, au ameuacha. Basi mtu akisugua sehemu hiyo kwa msasa mkali, mstari huo hufifia, na ishara ya umri hupotea pamoja nao.

Tatu huuliza: sehemu zake ni za upanga mmoja? Mara nyingi bapa la kale limetiwa mpini mpya, au ala ya upanga mwingine imelazimishwa. Jambo hilo si lazima liwe udanganyifu. Wamoro wenyewe walirithishana mabapa na kubadili mipini kwa kadiri ya mali na cheo. Krisi ya babu ilipofika kwa mjukuu aliyetajirika, iliweza kupata mpini wa fedha wenye kakatua mkubwa. Mabadiliko ya namna hiyo ni historia ya upanga. Mabadiliko yafanywayo na muuzaji ili kupandisha bei ndiyo ya kuhadhari nayo.

Nne huuliza: ni wa vita au wa watalii? Baada ya Vita Kuu ya Pili wahunzi walitengeneza panga nyingi kwa chuma cha springi za magari. Baadhi ni imara kabisa, lakini nyingine zilifanywa kwa ajili ya wageni: bapa jembamba lisilo na uwiano, mapambo mengi ya chaza, shaba iliyotapakaa kila mahali. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Upanga uliofanywa kwa kazi hutulia mkononi. Uzito wake unajua uendako.

Mwisho hutafuta maandishi. Karatasi chakavu iliyofungwa kwenye mpini, barua ya askari, au namba ya makumbusho iliyoandikwa kwa wino juu ya ala, vyote hivi vina thamani kuliko fedha iliyo juu ya mpini. Anayekivua kibandiko kichafu ili upanga upendeze amechana ukurasa. Lakini kibandiko nacho hupimwa. Kila muuzaji hupenda upanga wake uwe umetoka Bud Dajo. Kadhalika hupenda kusimulia kuwa Wamarekani waliunda bastola ya Colt ya mwaka 1911 kwa sababu ya panga za Wamoro. Ni kweli kuwa askari walilalamika kwamba risasi za bastola zao ndogo hazikuwasimamisha wapiganaji, na malalamiko hayo yalichangia kuchaguliwa kwa risasi kubwa zaidi. Hata hivyo bastola yenyewe ilikubaliwa jeshini mwaka 1911, miaka mitano baada ya Bud Dajo. Vitabu hufaa kuliko masimulizi ya dukani: orodha ya silaha za Ufilipino iliyotolewa na Herbert Krieger mwaka 1926 kwa makumbusho ya taifa ya Marekani, na kitabu cha Robert Cato juu ya panga za Wamoro cha mwaka 1996, vimewaongoza wengi.

Kutengeneza bila kuharibu

Baada ya kusoma ndipo hufuata mkono. Kanuni zake ni tatu: fanya kidogo, fanya liwezekanalo kutenguliwa, na andika ulilolifanya.

Kutu nyekundu ilayo chuma yapasa kuondolewa, kwa kuwa haitasimama yenyewe. Hulainishwa kwa mafuta mepesi siku kadhaa, kisha husuguliwa polepole kwa sufu laini ya chuma. Jiwe la kunolea la mashine lisikaribishwe kamwe. Ule weusi mtulivu uliotanda juu ya chuma kwa miaka mingi si adui. Ni ngozi ya upanga, na huachwa.

Panga nyingi za Wamoro zilifuliwa kwa tabaka za chuma zilizounganishwa motoni, na tabaka hizo huonyesha mistari kama ya mbao zinapoguswa na tindikali nyepesi. Wakusanyaji hutumia siki iliyotiwa moto au maji ya ndimu. Bapa husafishwa mafuta yote, hupakwa siki kwa dakika chache huku likiangaliwa, huoshwa kwa maji yenye soda ya kuokea ili ukali uishe, hukaushwa vizuri, kisha hupakwa mafuta. Kazi hii haifai kwa kila upanga. Bapa ambalo sura yake ya asili ingalipo haliihitaji. Hufaa lile ambalo tayari lilisuguliwa na mtu wa kabla yetu hata likapoteza sura yake.

Ama kuhusu mpini: msuka, yaani ile ncha ya chuma iingiayo katika mpini, hushikwa kwa utomvu wa miti uliogandishwa. Mpini ukilegea, msuka huweza kutiwa utomvu tena. Gundi za kisasa zinazoshika moja kwa moja ziepukwe, maana atakayekuja baada yetu hataweza kuufungua mpini bila kuuvunja. Fedha ifutwe kwa kitambaa laini tu, kwa sababu dawa za kung'arisha hula nakshi. Mbao zipewe nta kidogo. Henzirani iliyokatika ifungwe kwa henzirani mpya, nayo iachwe ionekane kuwa ni mpya. Kichwa cha mpini kikiwa cha pembe ya ndovu, mkusanyaji hana budi kuzijua sheria za nchi yake kabla ya kununua au kusafirisha, kwani biashara ya pembe imezuiliwa kwa mapatano ya kimataifa.

Kisha yote yaandikwe: upanga ulivyokuwa siku ya kwanza, kilichoondolewa, kilichoongezwa, na picha za kabla na baada. Mrekebishaji asiyeandika humwachia mwenziwe fumbo, na majuto ni mjukuu.

Upanga ni amana

Linabaki swali ambalo mafuta na siki haviwezi kulijibu: upanga uliookotwa kando ya maiti ni mali ya nani? Wakusanyaji hawajakubaliana. Wako wasemao kuwa aliyeutunza miaka mia moja amestahili kuwa nao, na kwamba nyumbani ungeozea katika unyevu au kuyeyushwa uwe jembe. Wengine huuliza ni nani aliyewanyima wenyewe nafasi ya kuutunza. Mwezi Desemba 2018 Marekani ilizirejesha Ufilipino kengele za kanisa la Balangiga zilizotwaliwa na askari wake mwaka 1901. Kengele zile hazikuwa za Wamoro, lakini zimeonyesha kuwa kitu kilichochukuliwa vitani chaweza kurudi hata baada ya miaka 117.

Kwa maoni ya mwandishi, mkusanyaji ni mweka amana. Huenda hana uwezo wa kuurudisha upanga kisiwani, lakini kuna jambo aliwezalo leo hii: kuurudishia jina lake. Katika makumbusho mengi panga hizi zimelala chini ya maneno "kisu cha Wamoro", bila kutajwa watu, wala mahali, wala jina ambalo mhunzi aliuitia. Lau sime ya Mmasai na jambia la Mwarabu wa pwani vingewekwa pamoja chini ya maneno "kisu cha Waafrika", nani kati yetu angenyamaza? Kuandika "kalis ya Watausug, Jolo" badala ya maneno hayo hakugharimu kitu, ila elimu.

Nasi walimu wa Kiswahili tunayo kazi kama hiyo nyumbani kwetu. Mwambie mwanafunzi alete panga la shambani, akutajie sehemu zake. Atajua makali, pengine atajua mpini. Ala ataikumbuka kwa shida. Bapa na msuka huenda hajapata kuvisikia kamwe. Chuma kipo mikononi mwake kila siku, na maneno yake yanaota kutu. Hayo tunaweza kuyasafisha sisi wenyewe, na kwa kazi hiyo hatuhitaji msasa.